Sheikh Nuruddin Salimi, Mwanachuoni Kipofu wa Oman



Wazee wa Chama chetu wameniamrisha niandike katika kijitabu hiki cha ukumbusho habari za mmoja katika wanavyuoni wa zamani. Najua wengi walitaraji nitaandika habari za Imam Shafii, au za masheikh wa Unguja na Lamu, nao ni watu wanaostahiki. Lakini habari zao zimekwisha andikwa mara nyingi, na waandishi wake walinishinda kwa kalamu na kwa elimu. Mimi nimemchagua mtu ambaye jina lake halitajwi sana hapa Rumonge, na sababu ya kumchagua msomaji ataiona huko mbele.

Mtu huyu ni Sheikh Abdullah bin Humayd bin Sallum As-Salimi, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Nuruddin, yaani nuru ya dini. Alizaliwa katika kijiji cha Hauqayn, upande wa Rustaq katika Oman, mnamo mwaka 1286 Hijria, sawa na 1869 hivi. Baba yake ndiye aliyemsomesha Kurani. Alipofikia umri wa miaka 12 hivi macho yake yalipofuka, asiyaone tena maandishi wala nyuso za watu mpaka alipokufa.

Natuzingatie hali yake ilivyokuwa. Katika Oman ya siku zile hapakuwa na shule ya vipofu. Maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, aliyoyatengeneza Mfaransa Louis Braille zamani kabla yake, hayakuwa yamefika huko. Kijana aliyepofuka alikuwa na njia mbili zilizozoeleka: kukaa nyumbani akalishwa na jamaa zake, au kuhifadhi Kurani akawa msomaji katika hitima na makaburini. Yeye hakuridhika na hiyo ya pili, juu ya kuwa ni kazi ya heshima. Alitaka elimu ya sheria yenyewe, na misingi yake, na dalili zake. Akahamia Rustaq, mji uliokuwa na wanavyuoni wengi, akasoma kwa Sheikh Rashid bin Sayf Al-Lamki na kwa wengine, akaanza kutunga vitabu angali kijana.

Baadaye akaondoka kwenda upande wa Sharqiyya, kwa Sheikh Salih bin Ali Al-Harthi, mkuu wa kabila la Al-Harthi, aliyekuwa mwanachuoni na mtu wa vita pamoja. Huyo alimpokea kijana kipofu, akamweka karibu naye, akamsomesha. Sheikh Salih alipouawa vitani katika mwaka 1896, Nuruddin alikuwa amekwisha pevuka, na wanafunzi wakaanza kumwendea yeye katika mji wa Al-Qabil.

Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili linatugusa sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika. Waarabu waliofika Ujiji katika karne ya 19, wakapita kwa majahazi mpaka pwani yetu, wengi wao walikuwa watu wa Oman, na katika hao walikuwamo Albarwani, ambao huhesabiwa katika Al-Harthi. Muhammad bin Khalfan Al-Barwani, ambaye babu zetu walimwita Rumaliza, alikuwa mmoja wao. Sitawasifu kwa kila jambo. Biashara yao ilikuwa pembe za tembo na watumwa, na machungu yake yalibaki katika nchi. Lakini ni kwao na kwa waungwana wa pwani waliofuatana nao kwamba Uislamu na Kiswahili viliingia katika vijiji vyetu. Basi kabila lile lile lililotuletea wafanyabiashara ndilo lililompa hifadhi mwanafunzi kipofu.

Najua kuna atakayeuliza: Salimi alikuwa Ibadhi, na sisi ni Mashafii, kwa nini tumwandike? Jawabu ni kwamba elimu husifiwa popote ilipo, na katika Unguja Makadhi wa Kisuni na wa Kiibadhi waliketi katika mji mmoja miaka mingi, wakaheshimiana.

Sasa nieleze namna alivyofanya kazi, maana ndilo jambo linaloulizwa zaidi. Kipofu husomaje vitabu vya sheria? Alisomewa. Mwanafunzi alishika kitabu na kusoma kwa sauti, Sheikh akasikiliza, akamsimamisha, akamrudisha nyuma, akamweleza lililofichika. Alipotaka kuandika alisema kwa ulimi, na mwanafunzi akaandika. Hivyo yule aliyedhani anamsaidia kipofu ndiye aliyekuwa akisomeshwa, maana ni nani awezaye kumsomea mwanachuoni vitabu miaka mingi asitoke na elimu? Katika wanafunzi wake walitoka Maimamu wawili waliotawala Oman ya ndani: Salim bin Rashid Al-Kharusi, aliyeuawa katika mwaka 1920, na Muhammad bin Abdullah Al-Khalili, aliyemfuata akatawala mpaka alipokufa katika mwaka 1954.

Na jambo la pili ni mashairi. Sheikh alitunga kitabu kizima cha sheria kwa nadhamu, nacho ni Jawhar an-Nidham, chenye beti kama 14,000. Ndani yake mna tohara, na sala, na ndoa, na mirathi, na hukumu, na adabu. Katika misingi ya sheria pia alitunga nadhamu, kisha akaisherehesha mwenyewe katika kitabu kiitwacho Tal'at ash-Shams. Watu wetu hawatastaajabu, kwani hata huku Mashafii husomesha Zubad ya Ibn Raslan, nayo ni nadhamu, na wazee wetu walifunza dini kwa tenzi. Sheria iliyotungwa kwa vina hukaa kifuani, na mwenye kifua hahitaji taa. Nadhani (na hii ni rai yangu tu) mtu mwenye macho asingepata subira ya kutunga beti 14,000 za sheria. Angekwenda kabatini akafungua kitabu.

Aliandika pia Tuhfat al-A'yan, tarikhi ya Oman ambayo mpaka leo kila aandikaye habari za nchi ile huirejea. Aliandikiana na wanavyuoni wa mbali, kama Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab katika Aljeria, na Abu Muslim Al-Bahlani, mshairi mkubwa aliyekuwa Kadhi Unguja. Maswali kutoka Unguja yalimfikia naye akayajibu. Katika baadhi ya majibu hayo alikuwa mkali mno, hasa juu ya kuiga Wazungu katika mavazi na mienendo. Hapo mimi simfuati. Nilikaa katika shule ya msingi, nikajifunza hesabu na Kifaransa kidogo, na sikuona kwamba imani yangu ilipungua.

Katika mwaka 1913 akafanya jambo lililomtoa katika darsa na kumwingiza katika siasa. Watu wa ndani ya Oman walikuwa wamechoka na hali ya nchi, na kwa muda mrefu hawakuwa na Imamu. Sheikh akaenda Tanuf kwa Himyar bin Nasir An-Nabhani, akawakusanya wakuu na wanavyuoni, na hapo akachaguliwa Salim bin Rashid Al-Kharusi, mwanafunzi wake. Baada ya muda mchache mji wa Nizwa ukaingia mikononi mwao. Sitaki kuhukumu vita vile. Ninalotaka lionekane ni kwamba wakuu wa makabila, watu wa farasi na bunduki, walikubali kuongozwa katika jambo zito la sheria na mtu aliyeshikwa mkono kuingia majlisini.

Je, sheria inasema nini juu ya kipofu kuwa mtu wa hukumu? Hapa yafaa tuseme kweli, wala tusifiche. Katika madhehebu yetu, na katika Minhaj ya Imam Nawawi tunayoisomesha, kuona ni moja katika sharti za Kadhi. Sababu waliyoitaja wanavyuoni ni kwamba Kadhi apate kumtenga mdai na mdaiwa, na kumjua shahidi asije akabadilishwa. Lakini Mufti, yaani mwenye kueleza sheria bila ya kukata kesi, hakushurutishwa macho. Ata bin Abi Rabah, aliyekufa yapata mwaka 114 Hijria, alikuwa mtu mweusi, chongo, kiguru, na mwisho wake akapofuka kabisa. Juu ya hayo ndiye aliyekuwa Mufti wa Makka, na wakati wa Hija ilitangazwa kwa amri ya watawala kwamba asitoe fatwa mtu mwingine ila yeye.

Na hata hiyo sharti ya Kadhi haikukubaliwa na wote. Waliohalifu walitoa hoja ya Ibn Ummi Maktum, sahaba kipofu, ambaye Mtume alimwachia Madina zaidi ya mara moja aliposafiri. Tena ni yeye ambaye kwa ajili yake iliteremshwa Sura ya Abasa. Na katika zama zetu Sheikh Abdul Aziz bin Baz alipofuka akiwa kijana wa miaka 20 hivi, kisha akawa Kadhi wa Al-Kharj tangu 1938 mpaka 1951, na akafa katika mwaka 1999 akiwa Mufti Mkuu wa Saudia. Sababu waliyoiogopa wale wa kwanza ilikuwa udanganyifu wa nyuso na sauti. Leo kuna karani, kuna vitambulisho, kuna majalada. Sababu ikiondoka, mwanachuoni hurudi kuitazama hukumu upya.

Sasa nitaje sababu ya kuandika haya. Miaka mingi iliyopita aliletwa chuoni kwangu mtoto wa mvuvi wa ndagala, kipofu tangu utotoni. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye haraka. Wanafunzi walikuwa wengi, ubao mmoja, na mtoto huyu akikaa nyuma akisikiliza tu. Baada ya miezi michache nikamwambia baba yake amrudishe nyumbani, kwa kuwa hawezi kusoma. Katika mwaka ule ule niliwatoa pia watoto wawili wengine, mmoja asiyeweza kutulia mahali pamoja, na mwingine aliyekuwa akizipindua herufi kila siku, nikidhani ni ukaidi. Leo wenye ujuzi wametufahamisha kwamba kuna watoto ambao akili zao hushika mambo kwa njia nyingine, wala si ukaidi wala upumbavu. Wakati ule sikulijua hilo, lakini habari za Salimi nilikuwa nimekwisha zisoma, wala hazikunizuia.

Mtoto yule wa mvuvi hakurudi nyumbani kukaa. Alihifadhi Kurani kwa kusikiliza redio na kanda, akasoma shule kwa kusomewa na dada yake, na sasa anataka kwenda Bujumbura kusomea sheria awe wakili. Ameleta ombi mbele ya Chama chetu asaidiwe ada. Katika kikao kilichopita baadhi ya ndugu walisema kwamba fedha ni chache, na kwamba kipofu hawezi kusoma majalada ya mahakama, basi itakuwa ni kumwaga mawese mchangani. Ndugu hao si watu wabaya. Hivyo ndivyo nilivyosema mimi kwa baba yake. Lakini Burundi iliridhia katika mwaka 2014 mapatano ya mataifa juu ya haki za wenye ulemavu, na katika mwaka 2018 ikatunga sheria yake yenyewe juu ya haki hizo. Na jalada husomewa mtu leo hata na simu iliyomo mfukoni mwake, jambo ambalo Salimi hakuliota.

Namalizia habari za Sheikh. Mwanzoni mwa mwaka 1914 palitokea hitilafu baina yake na mwanachuoni mzee, Sheikh Majid bin Khamis Al-Abri wa Al-Hamra, juu ya wakfu uliowekwa kwa ajili ya wasomao Kurani makaburini, kama yafaa mali ile itiwe katika hazina ya Waislamu. Salimi aliona yafaa, na mwenziwe hakuona hivyo. Hakumwandikia barua kali. Alipanda mnyama akaenda mwenyewe, ili wazungumze ana kwa ana. Njiani tawi la mwembe likampiga, tawi ambalo mwenye macho angeliinamia, akaanguka. Akachukuliwa mpaka Tanuf, na huko akafa katika mwezi wa Mfungo Sita, 1332 Hijria, umri wake haujafika miaka 50, akazikwa hapo hapo. Kitabu chake kikubwa cha sheria, Ma'arij al-Amal, kilibaki bila ya kumalizika. Mwenyezi Mungu Amrehemu.

Kikao cha kukata shauri la ada kimewekwa baada ya sala ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, msikitini. Mwombaji atahudhuria mwenyewe kueleza haja yake, na baba yake, ambaye bado anavua, ameahidi kufika.