Ludwig von Höhnel: Mwanamaji Aliyefika Ziwa Turkana kwa Miguu na Kuliachia Jina la Ndoa Iliyovunjika

Ukipiga stori na wazee wa Lodwar waliosoma kitambo, watakuambia shuleni waliliita Ziwa Rudolf. Huyo Rudolf hakuwahi kukanyaga Turkana. Jina lake lililetwa na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la maji la Austria-Hungaria.

Höhnel alizaliwa 1857 mjini Pressburg, ambao leo ni Bratislava, Slovakia. Maisha yake yalikuwa ya meli na bahari. Mwana wa kaisari, Rudolf, alikuwa na beshte wake tajiri kutoka Hungaria, Samuel Teleki, aliyekuwa anapanga safari ya Afrika. Höhnel akaomba aingizwe kwa form.

Mwanzoni mwa 1887 msafara ukatoka Pangani na mamia ya wapagazi. Aliyejua njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili aliyezoea kununua pembe bara.

Mtu wa bunduki, mtu wa ramani

Teleki alipenda kuwinda. Höhnel naye aliamka na vyombo vyake, akapima jua na nyota vile wanamaji hufanya baharini, kisha akachora kila mto na kila mlima. Kuna wakati aliugua kuhara damu hadi akabaki mifupa. Na huku mbele hakukuwa na posta. Ukimkumbuka mtu wa nyumbani, unameza tu mate unaendelea kutembea.

Machi 1888 wakaliona ziwa. Wasee walikuwa na kiu mbaya, wakakimbia majini, kumbe maji yana magadi! Wasamburu walikuwa na jina lake tayari, Basso Narok, yaani ziwa jeusi. Teleki na Höhnel wakaliita Rudolf. Ziwa dogo walilopata kaskazini, ambalo leo ni Chew Bahir nchini Ethiopia, wakalipa jina la mkewe, Stefanie, binti ya Leopold II wa Ubelgiji, yule yule wa Kongo.

Kwenye ramani, bibi na bwana walikaa karibu. Huko Vienna, ndoa ilikuwa imeshaisha kitambo.

Msafara ulirudi kwa upande wa magharibi, nchi ya Waturkana, ukapita Turkwel. Njaa ikawakaba. Kama umekulia Lodwar ama Namoruputh, jua la huku halihitaji maelezo. Wapagazi kadhaa hawakurudi kwao. Walionusurika walifika Mombasa Oktoba 1888.

Msiba wa Mayerling

Tarehe 30 Januari 1889, Rudolf alipatikana amekufa katika nyumba yake ya uwindaji huko Mayerling, pamoja na mpenzi wake Mary Vetsera. Jamaa alikuwa na miaka 30, dem 17. Wanahistoria wengi wanaamini alimuua Mary kisha akajiua. Ziwa letu lilikuwa limebeba jina hilo kwa karibu miezi kumi na moja tu.

Höhnel hakukoma. 1892 alirudi Kenya na Mmarekani William Astor Chanler, na mwaka uliofuata kifaru akamchoma pembe vibaya sana. Alibebwa siku nyingi kurudishwa pwani, akapona. Baadaye alimtumikia Kaisari Franz Josef kama msaidizi wake, yaani babake Rudolf mwenyewe. Manze, fikiria kukaa karibu na mzee huyo kila siku ukijua ni wewe ulisaidia kuweka jina la mwanawe kwenye ramani.

Mapenzi yake mwenyewe yalichelewa. Aliyechora ndoa ya wengine jangwani alioa 1909, akiwa amevuka miaka 50. Alifariki Vienna 1942.

Mwaka wa 1975 Kenya ilibadilisha jina likawa Ziwa Turkana. Teleki bado ana volkano yake kusini mwa ziwa. Lakini wale wapagazi waliobeba vyombo vya Höhnel hadi wakafa njaa, hakuna hata kilima kilichopewa jina lao.