Daktari Daniel Hale Williams na Hospitali Isiyobagua



Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa zamani, ambaye maisha yake yaweza kuwafaa wanafunzi wanaojiandaa kwa kazi za uganga na uuguzi. Mimi si mganga. Tangu nilipomaliza Chuo Kikuu nimekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya utumishi, na kazi yangu ni majalada ya watu: nani aajiriwe, nani apandishwe cheo, nani ahamishwe. Ndiyo maana sikumchagua mtu aliyegundua dawa. Nimemchagua daktari aliyehangaika maisha yake yote na swali ambalo sisi wa utumishi tunalikuta mezani kila siku: ni nani anayestahili kufanya kazi hospitalini, na kipimo chake ni kipi?

Kuzaliwa na ujana wake

Daniel Hale Williams alizaliwa tarehe 18 Januari, 1856, katika mji mdogo wa Hollidaysburg, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo, ingawa wazazi wake walikuwa watu huru. Baba yake alikuwa kinyozi. Daniel alipokuwa bado mtoto, baba huyo alifariki kwa kifua kikuu na jamaa ikatawanyika. Mtoto akapelekwa Baltimore kujifunza ushonaji wa viatu. Kazi hiyo hakuipenda, akaiacha.

Baada ya kuhangaika huku na huko alifika mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, akafanya kazi ya unyozi katika duka la Harry Anderson, mtu mweusi mwenzake. Anderson alimpokea kama mwanawe na kumsaidia asome. Mjini humo alikuwako daktari mmoja Mzungu, Henry Palmer, aliyekuwa mpasuaji wa jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Palmer alimchukua kijana kinyozi awe mwanafunzi wake, na baada ya miaka 2 Williams aliingia Chuo cha Udaktari cha Chicago mwaka 1880. Alihitimu mwaka 1883. Basi tangu mwanzo alisaidiwa na mweusi na mweupe, na jambo hilo hakulisahau.

Yafaa ieleweke pia kwamba Williams alikuwa wa damu mchanganyiko, na ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kuweza kupita miongoni mwa Wazungu bila kuulizwa. Wengine waliokuwa hivyo walihamia miji ya mbali na kuanza maisha mapya kama Wazungu. Yeye hakufanya hivyo. Alifungua chumba chake cha matibabu upande wa kusini wa Chicago, akatibu watu wa rangi zote, na akafundisha anatomia katika chuo kilekile alichosoma. Mwaka 1889 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Halmashauri ya Afya ya jimbo la Illinois.

Mlango uliofungwa

Pamoja na sifa hizo zote, hospitali za Chicago kwa jumla hazikuwapa madaktari weusi nafasi ya kulaza na kupasua wagonjwa wao. Daktari mweusi alilazimika kupasua mgonjwa nyumbani kwake, pengine jikoni. Wasichana weusi nao hawakupokelewa katika vyuo vya uuguzi.

Mwaka 1890 mchungaji mmoja, Louis Reynolds, alimwendea Williams. Dada yake, Emma, alitaka kusomea uuguzi, na vyuo vya Chicago vilikuwa vimemkataa kwa sababu ya rangi yake. Hapa kwetu tunajua jinsi mambo kama haya yanavyomalizwa: hutafutwa mkubwa mmoja, huandikwa kimemo, na binti huyo mmoja hupata nafasi huku wenzake wote wakibaki nje. Williams hakuishia hapo. Aliamua kuanzisha hospitali mpya yenye chuo chake cha uuguzi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu weusi wa Chicago walichanga walichokuwa nacho, wengine fedha, wengine shuka na sabuni. Matajiri Wazungu wa mji huo, kama Philip Armour na George Pullman, nao walitoa. Mwezi Mei, 1891, Hospitali ya Provident ilifunguliwa ndani ya nyumba ya kawaida, ikiwa na vitanda 12. Chuo kilianza na wanafunzi 7 wa uuguzi, na Emma Reynolds alikuwa mmoja wao.

La kukumbukwa zaidi ni kwamba Provident haikuwa hospitali ya watu weusi peke yao. Madaktari wake walikuwa weusi na weupe, wagonjwa wake vilevile. Williams aliona kwamba akijenga hospitali ya weusi tu atawapa wabaguzi kisingizio cha kusema kila mtu sasa ana mahali pake. Katika mwaka wa kwanza ililaza wagonjwa 189, na 141 kati yao walitoka wamepona kabisa. Walikufa 22. Kwa hospitali ndogo ya zama zile, hayo yalikuwa matokeo ya kujivunia.

Upasuaji wa mwaka 1893

Usiku wa tarehe 9 Julai, 1893, aliletwa hospitalini kijana aitwaye James Cornish, aliyechomwa kisu kifuani katika ugomvi. Hali yake ilizidi kuwa mbaya. Picha za eksirei zilikuwa bado hazijagunduliwa, wala hapakuwa na akiba ya damu ya kumwongezea mgonjwa, wala dawa za kuua vijidudu mwilini tulizo nazo leo. Madaktari wengi wa wakati huo waliona kwamba jeraha la moyo haliguswi.

Kesho yake Williams alikifungua kifua cha Cornish, akaushona utando unaouzunguka moyo, uliokuwa umechanika. Waliosimama chumbani wakitazama walikuwa madaktari 6: weupe 4 na weusi 2. Cornish alitoka hospitalini baada ya siku 51, akaishi miaka mingi baadaye. Kwa haki ni lazima niseme kwamba Williams hakuwa wa kwanza duniani, maana daktari Henry Dalton wa St. Louis alishona utando huo mwaka 1891. Lakini upasuaji wa Provident ulifanywa na daktari mweusi, katika hospitali yenye umri wa miaka 2 tu, mbele ya wenzake wa rangi zote mbili. Baada ya hapo haikuwa rahisi tena kudai kwamba mtu mweusi hana mkono wa kazi hiyo.

Kazi yake Washington

Mwaka 1894 Williams aliteuliwa kuwa mpasuaji mkuu wa Hospitali ya Freedmen's mjini Washington, iliyokuwa ikiwahudumia watu waliotoka utumwani na watoto wao. Alikuta mambo hayana mpango. Aliigawa hospitali katika idara, akaanzisha chuo cha uuguzi, akawaita madaktari weusi na weupe washirikiane, na akawachukua vijana waliomaliza udaktari waje kujifunza kazi chini ya wakubwa wao.

Mwaka 1895, kwa kuwa vyama vya Chama cha Madaktari cha Marekani katika majimbo mengi viliwakataa weusi, yeye na wenzake walianzisha chama chao mjini Atlanta. Chama hicho hakikufungia mtu mlango kwa rangi yake. Ilipita zaidi ya karne moja, hata mwaka 2008, ndipo kile chama kikubwa kilipoomba radhi hadharani kwa ubaguzi wake wa zamani.

Ugomvi wa ndani

Mwaka 1898 Williams alioa, akarudi Chicago, na huko alikumbana na mashaka ya namna nyingine. Alikuwako daktari mweusi, George Cleveland Hall, ambaye Williams alikuwa amempinga asiajiriwe Provident kwa kuona kwamba chuo alichosoma hakikutosha. Halmashauri ya hospitali ilimpa Hall nafasi hata hivyo. Watu hawa wawili hawakupatana tena. Williams alikuwa mtu mgumu katika mambo ya kazi, na sidhani alijua namna ya kumkatalia mtu bila kumuumiza. Hall naye aliitumikia Provident miaka mingi, na maktaba moja ya Chicago ina jina lake hadi leo.

Mambo yalifikia kikomo mwaka 1912. Williams alikuwa amepata nafasi ya mpasuaji katika Hospitali ya St. Luke's, hospitali kubwa ya Wazungu. Wapinzani wake walimwita msaliti wa watu wake, na halmashauri ikamtaka awapeleke wagonjwa wake wote Provident tu. Alijiuzulu. Mwanzilishi akatoka katika nyumba aliyoijenga. Mwaka uliofuata, Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kilipoundwa, yeye alikuwa mweusi pekee miongoni mwa wanachama waanzilishi.

Aliugua kiharusi mwaka 1926, na akafariki tarehe 4 Agosti, 1931, huko Idlewild, jimbo la Michigan. Katika wosia wake alizikumbuka shule za udaktari za Meharry na Howard, ambazo zimefundisha maelfu ya madaktari weusi.

Tujifunze nini?

Wazee wetu walitusimulia kwamba kabla ya Uhuru wa 1961 hospitali za nchi hii nazo zilitengwa: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Utengano huo uliondolewa, na ni jambo la kushukuru. Lakini ubaguzi una nguo nyingi. Niliwahi kukaa katika jopo la usaili wa wauguzi ambapo aliyeongoza kwa alama alikuwa binti anayechechemea kwa sababu ya polio. Mjumbe mmoja alidai kwamba wagonjwa hawatampenda. Tulibishana mpaka saa nane mchana, na hoja iliyoshinda ilikuwa moja tu: tangazo la kazi liliorodhesha sifa zinazotakiwa, na binti huyo alikuwa nazo zote. Nimeona pia wauguzi wa kiume wakichekwa, na watumishi waliotoka mikoa ya mbali wakipangiwa zamu za usiku mwezi hata mwezi.

Kwa maoni yangu Williams anatufundisha mambo mawili yasiyotenganishwa. Kwanza, mlango ufunguliwe kwa wote, si kwa mmoja mwenye mjomba wake. Pili, kipimo cha kazi kibaki julejule, maana mgonjwa anayepasuliwa hana faida na usawa wa maneno. Anayefungua mlango na kushusha kipimo anawapa wabaguzi silaha. Anayeshika kipimo na kuuacha mlango umefungwa hana kipimo chochote, kwa kuwa hajawapima wote. Na ule ugomvi wa 1912 unatuonya kwamba hata waliofungiwa jana waweza kufungiana leo.

Enyi vijana, baadhi yenu mtakuwa waganga wakuu wa wilaya, na wengine mtakaa katika meza kama yangu. Siku itafika ambapo jalada la mtu asiyefanana nanyi litakuwa mbele yenu. Lisomeni lote kabla ya kutia sahihi. Yule Emma Reynolds aliyekataliwa kusomea uuguzi alihitimu uuguzi Provident, kisha akaendelea na masomo, na mwaka 1895 akapata shahada ya udaktari katika mji uleule wa Chicago.