Adrian Atiman, daktari wa Karema



Leo naandika habari za mtu ambaye hayumo kwenye kalenda ya watakatifu. Jina lake wengi mmelisikia bila kujua ni la nani. Dar es Salaam kuna nyumba ya Mapadre Weupe inayoitwa Atiman, na Sumbawanga kuna hospitali ya Daktari Atiman. Basi huyo ndiye mwenyewe.

Ila kwanza niseme kwa nini nilimtafuta. Nilipokuwa kwenye mwaka wa kichungaji, katika parokia moja ya vijijini huku magharibi, kulikuwa na binti wa kwaya, miaka kumi na saba. Alishikwa na uchungu siku mbili nyumbani. Mtoto akafa, yeye akabaki na fistula, yaani mkojo unamvuja bila kujua. Akaja kanisani mara mbili tatu, wenzake wakaanza kuhama benchi. Baadaye akawa anasimama nje, upande wa dirisha, anasikiliza misa kutoka huko. Mimi, frateri mwenye shahada ya falsafa, ninayeweza kukueleza Aristotle alisema nini juu ya mwili na roho, nilikuwa nampita pale dirishani. Sikujua nimwambie nini. Na nilimpita si Jumapili moja.

Aliyemfuata nyumbani ni katekista wa kigango, mzee mmoja na mke wake. Mama yule aliingia ndani, akakaa naye kitandani, akamwogesha. Baadaye ndio waliomsindikiza hadi Mwanza kwenye upasuaji. Niliporudi seminarini nilianza kusoma habari za makatekista wa zamani, na hapo nikakutana na Atiman.

Alizaliwa kama mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa na Watuareg na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Metlili, kusini mwa Algeria. Hapo Mapadre Weupe wakamnunua. Ndiyo, walimnunua, sina neno laini zaidi. Walitoa fedha ili wampe uhuru, lakini mtoto mwenyewe, siku ile, aliona tu amebadilisha mikono tena. Alikuwa peke yake, bila baba, mama wala shangazi wa kumtetea.

Mwanzilishi wa Mapadre Weupe, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lake. Wamisionari wa Ulaya walikuwa wanakufa kwa homa, na watu hawakuwa na sababu ya kuwaamini. Akataka vijana Waafrika wasomeshwe udaktari, wasiwe mapadre, waoe, wakae na watu, wale wanachokula watu, watibu na kufundisha dini. Madaktari-makatekista. Mwaka 1881 Atiman akapelekwa kisiwani Malta pamoja na wenzake, wakasoma udaktari huko hadi 1888. Ukiniuliza, mpango ule ulikuwa na dharau za wakati wake ndani yake. Vijana walipangiwa maisha yao mpaka chakula na mavazi, kama vile si wao watakaoyaishi. Lakini ulifungua mlango ambao nadhani hata Kardinali mwenyewe hakuuona vizuri, na nitaurudia.

Mwaka 1888, mwaka uleule Lavigerie alipokuwa anazunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, Atiman alipanda meli kwenda Zanzibar. Kutoka pwani akaingia njia ya misafara hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu. Kwa miguu, pwani hadi Tabora ilikuwa kama miezi mitatu. Wale tunaotumia basi la usiku na bado tunalalamika, tutafakari kidogo.

Tukisimulia njia ile huwa tunawataja wapagazi wa Kinyamwezi, wanaume wenye pembe za ndovu mabegani. Wanawake tunawasahau. Wake wa wapagazi walisafiri na waume zao, masufuria na vibuyu kichwani na mtoto mgongoni, na wengine walibeba mizigo kwa ujira wao wenyewe. Waliopata uchungu njiani walijifungulia kambini, na msafara haukusubiri sana. Ndui ilitembea na misafara ileile. Halafu kulikuwa na wanawake watumwa. Huku bara wengi wa watumwa walikuwa wanawake na watoto, kwa sababu mwanamke alihesabika mara tatu: anailima shamba, anapikia nyumba, anazaa. Tena akizaa, mtoto ni wa bwana wake na ukoo wa bwana, maana yeye mwenyewe hana ndugu wa kudai chochote.

Hii habari ya kutokuwa na ndugu ndiyo iliyonishika. Fikiria mwanamke anajifungua bila mama yake, bila bibi wa kumkanda, bila dada wa kumshikia maji. Kwa babu zetu mimba ni jambo la ukoo mzima. Mtumwa hakuwa na ukoo. Nje kidogo ya Tabora, Kipalapala hapahapa ninaposoma, mapadre walikuwa na kituo cha watoto yatima waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 walilazimika kukiacha kwa sababu ya uhasama na mtemi Isike. Nikitembea jioni chini ya miembe huwa nawaza juu ya watoto wale.

Atiman alifika Karema mwaka huohuo wa 1889. Karema iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, leo ni mkoa wa Katavi. Misheni ilikuwa ndani ya boma lililojengwa mwaka 1879 na watu wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambalo Mapadre Weupe walikabidhiwa mwaka 1885. Kuta nene, ziwa mbele, na biashara ya watumwa ikiendelea pande zote mbili za maji. Watu wengi waliokaa kuzunguka misheni walikuwa wamekombolewa, na miongoni mwao wanawake na mabinti walikuwa wengi. Tuseme ukweli hapa pia: mabinti wale mara nyingi waliozwa upesi kwa vijana Wakristo, na mpango huo waliupanga mapadre. Walitolewa kwenye minyororo, lakini swali la unataka kuolewa na nani halikuulizwa sana. Sisi Wakatoliki tusiruke ukurasa huo.

Atiman mwenyewe, muda mfupi baada ya kufika, alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende. Angalia ndoa hiyo ilivyokaa. Mume hana ukoo hata mmoja upande huu wa Afrika, mke ana ukoo wenye nchi. Mume anajua Kilatini cha dawa, mke anajua nani ni shangazi wa nani. Kwa kuoa hapo, mtoto wa Niger akapata wakwe, mashemeji, na watu wa kumwita kwa jina la undugu. Alikuwa amefika kama mgeni wa wageni. Sasa akawa mkwe wa watu.

Na huu ndio mlango niliosema. Padre hakuweza kuingia chumba cha mwanamke mgonjwa. Isingekubalika kwa wenye nyumba, na sheria ya Kanisa yenyewe haikumruhusu padre kufanya kazi ya udaktari bila kibali. Basi masista? Masista Weupe walifika nchi hizi katika miaka ya 1890, wakafundisha mabinti na kuuguza wagonjwa. Lakini ukunga ulikuwa marufuku kwa masista. Naomba uisome tena sentensi hiyo. Kwa muda mrefu mtawa hakuruhusiwa kumsaidia mwanamke anayejifungua, kwa hofu kwamba kazi hiyo haiendani na nadhiri zake. Mpaka tarehe 11 Februari 1936 ndipo Roma, kupitia idara yake ya misioni, ilipotoa maelekezo mapya yaliyowaruhusu masista kusomea udaktari na ukunga. Nyuma ya mabadiliko hayo walikuwepo wanawake waliosukuma kwa miaka, kama Anna Dengel, daktari kutoka Austria, aliyekuwa ameona wanawake wakifa huko India kwa sababu hawakuweza kutibiwa na daktari mwanaume.

Kwa hiyo kuanzia 1889 hadi 1936, hiyo ni miaka 47, misheni za Afrika zilikuwa na pengo mahali palepale ambapo mwanamke yuko karibu zaidi na kifo. Waliosimama kwenye pengo hilo ni wakunga wa jadi, mabibi ambao hakuna aliyeandika majina yao, na walei wachache waliosomea dawa. Karema mlei huyo alikuwa Atiman. Ana mke, ana mtoto, ni mkwe wa kijiji. Si mtu wa kusimama dirishani.

Msimpambe kupita kiasi lakini. Alichokuwa nacho ni elimu ya Malta ya miaka ya 1880. Dawa zilitoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, miezi na miezi. Penisilini haikuwepo. Alitumia pia mitishamba ya wenyeji, akijifunza kutoka kwa watu waliomtangulia kwa ujuzi huo. Uchungu ukikwama, mtoto hapiti, hakukuwa na chumba cha upasuaji cha kumkimbizia mama. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Karema iko mbali na Tabora. Ndui ilipita, malale yakaja kando ya ziwa, serikali ya Wajerumani ikaja ikaondoka, Waingereza wakaja. Yeye alikuwa palepale. Miaka 67 kituo kimoja. Mapadre walibadilishwa na maaskofu walizikwa, yeye bado anapokea wagonjwa asubuhi. Mtoto wao, Joseph, alipewa daraja la upadre mwaka 1923. Mtoto wa mtu aliyeuzwa akasimama altareni.

Adrian Atiman alifariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na karibu miaka 90, miaka mitano tu kabla ya Uhuru. Kuna mabibi wa Katavi leo ambao mama zao walitibiwa na mikono yake.

Sasa twende kwetu. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulihesabu wasichana wa miaka 15 hadi 19 ambao tayari wamezaa au ni wajawazito. Mkoa ulioongoza Tanzania nzima ulikuwa Katavi, asilimia 45. Wa pili Tabora, asilimia 43. Yaani njia ileile ya zamani, mwanzo wake na mwisho wake. Mwili wa binti ambao bado haujakomaa ndio ule ambao uchungu hukwama, na uchungu ukikwama siku mbili bila msaada ndipo fistula inapopatikana. Si laana, wala si adhabu ya dhambi. Kichwa cha mtoto kinabana nyama laini kwenye nyonga, damu haifiki, nyama inakufa, tundu linabaki. Basi. Na wengi hutibika kwa upasuaji, Bugando wanafanya, CCBRT Dar wanafanya. Nayaandika haya kwenye ukurasa wa ibada kwa makusudi, kwa sababu nimewahi kusikia watu wa sala wakimwombea binti wa namna hii pepo limtoke.

Kama uko VIWAWA au TYCS na kuna mwenzenu ameacha kuja ghafla baada ya kujifungua, muulizeni mama mmoja wa WAWATA aende. Aende ndani, si mlangoni.

Yule binti wa kwaya alipona. Nimeambiwa amerudi, anaimba sauti ya pili, na Pasaka alisoma somo. Mimi sijamwomba msamaha bado. Likizo ya Desemba nitapita kule, nimeshamwandikia katekista aniambie kama atakuwepo.