Rubani Cutler

Dennis Cutler alikuwa rubani Mwingereza. Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliruka juu ya delta ya Rufiji kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg. Rejeta ya ndege yake iliharibika. Wajua kwamba injini isiyopozwa huchemka. Basi ikaletwa rejeta ya motokaa kutoka Mombasa. Cutler akaruka tena, akaiona manowari. Desemba injini ilizimika, akatua mtoni, akatekwa.

Siku hizi ndege za jeti hupita juu sana, penye baridi kali. Huko barafu huweza kuganda mdomoni mwa injini na kuzuia hewa. Hivyo hewa moto hupitishwa hapo. Kumbuka: joto na baridi, vyote viwili ni adui wa injini.