Elijah McCoy, Mtia Mafuta wa Garimoshi

Gari la dizeli linapouacha ufuko wa Ziwa Kivu mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, na kushika barabara ya kwenda Musanze, huanza safari likiwa kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Na muda si mrefu mlima umekwisha kulipandisha zaidi ya mita 2,000. Huko juu hewa ni haba. Mtambo wa turbo, ambao kazi yake ni kuisukumia injini hewa, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia upungufu huo, na joto lake hupanda. Kinachouokoa usiungue hasa ni oili. Kwa hiyo askari aliyekabidhiwa usukani wa gari la namna hiyo, na fundi alitazamaye jioni karakanani, wana sababu njema ya kumfahamu marehemu Elijah McCoy. Yeye alikuwa mtu wa zama za garimoshi, na garimoshi halijafika Rubavu hata leo. Lakini maisha yake karibu yote aliyatumia kulitafutia jawabu swali lile lile: oili ifikeje mahali panapounguza, kwa wakati wake, na iwe oili ya namna gani?

McCoy alizaliwa Colchester, katika sehemu ya Kanada ambayo leo ni jimbo la Ontario. Vitabu vingi hutaja mwaka 1844, ingawa vingine huandika 1843. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky, Marekani, nao walitoroka mwaka 1837 kwa kupitia zile njia za siri ambazo watu waliziita Reli ya Chini ya Ardhi, japokuwa hapakuwa na reli wala handaki, bali watu wema waliowaficha wakimbizi mchana na kuwasindikiza usiku. Huko Kanada baba alijiunga na jeshi la Waingereza, na inasimuliwa kwamba utumishi huo ndio uliompatia shamba. Baadaye jamaa hiyo ilihamia Ypsilanti, katika jimbo la Michigan.

Kijana Elijah alipenda kufungua mashine na kuzifunga tena. Wazazi wake, ambao wao wenyewe walikuwa wamehesabiwa kuwa mali ya mtu, walijibana wakamsafirisha akiwa na umri wa miaka 15 hadi Edinburgh, nchini Scotland, akajifunze uhandisi wa mitambo. Aliporudi Marekani vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha na utumwa umepigwa marufuku. Alikuwa na elimu na alikuwa na cheti. Hata hivyo, ngozi yake ilitosha kumfungia mlango wa kazi ya uhandisi, na katika Reli ya Michigan Central akapewa koleo la makaa na kopo la mafuta.

Yafaa tueleze kazi hiyo ilikuwaje, maana ndiko ulikotoka uvumbuzi wake. Mtia makaa alilisha tanuri la injini mwendo wote. Mtia mafuta naye alingoja garimoshi lisimame, kwa kuwa halikuweza kupakwa mafuta likiwa mwendoni. Hapo alishuka na kopo lake, akazunguka injini akidondosha mafuta katika beringi, ekseli na silinda. McCoy alizifanya kazi zote mbili. Kila baada ya mwendo fulani garimoshi lilisimama, abiria wakangoja na mzigo ukangoja, mpaka chuma kipate mafuta. Wakubwa wa reli waliuona usumbufu huo kuwa ni jambo la kawaida. Mhandisi aliyeshika kopo aliuona kuwa ni kosa la mtambo.

Mwezi Julai 1872 alipewa hati ya uvumbuzi ya Marekani namba 129,843. Kifaa chenyewe kilikuwa kikombe cha mafuta kilichofungwa juu ya injini. Ndani yake mlikuwa na vali iliyounganishwa kwa fimbo na pistoni ndogo; mvuke wa injini uliposukuma pistoni hiyo, vali ilifunguka na mafuta yakashuka kwenye silinda. Mvuke ulipokatwa, vali ilijifunga. Yaani injini ilijipaka mafuta yenyewe wakati ule ule ilipokuwa ikifanya kazi, na ilipopumzika haikupoteza tone. Dereva wa leo aionaye taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi anatazama ukoo wa wazo hilo: oili iende pamoja na kazi.

Vikombe vya namna hiyo vilienea katika reli na katika meli. McCoy aliendelea kuvirekebisha, akahamia Detroit mwaka 1882, na hati zake zikafika zaidi ya hamsini, nyingi zikiwa za mafuta ya mitambo, ingawa alivumbua pia ubao wa kupigia pasi na kifaa cha kunyunyizia bustani maji. Lakini hakuwa na mtaji wa kujenga kiwanda, hivyo haki nyingi za uvumbuzi wake aliziuza kwa wenye fedha, na faida ikawa yao. Watu wengi husema kwamba msemo wa Kiingereza unaomtaja McCoy wa kweli, kwa maana ya kitu halisi kisicho cha kuigiza, ulitokana na wanunuzi waliokataa vikombe vya bandia. Hadithi hiyo ni tamu, lakini mwandishi haamini sana, kwa sababu msemo unaofanana nao ulikuwa ukisemwa Scotland kabla McCoy hajapata hati yake ya kwanza. Sifa yake haihitaji msemo huo.

Mtihani wake mkubwa ulikuja uzeeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli zilianza kutumia mvuke uliopashwa moto kupita kiasi, zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, ili kupata nguvu nyingi kwa makaa machache. Katika joto hilo oili iliyokuwa ikitosha jana ilikuwa nyepesi mno, na nyingine iliungua ikawa masizi ndani ya silinda. Mwaka 1915, akiwa amepita miaka 70, McCoy alipata hati ya kifaa kilichochanganya oili na unga wa grafaiti, madini laini yanayostahimili moto, na kuupeleka mchanganyiko huo bila kuziba njia.

Tatizo hilo la moto ndilo lililohamia katika magari yetu. Mtambo wa turbo, ambao Alfred Büchi wa Uswisi aliupatia hati mwaka 1905, huzungushwa na moshi wa injini wenye joto linaloweza kupita nyuzi 700 katika dizeli, na ekseli yake ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ekseli hiyo huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Wako madereva wanaoamini kwamba oili nzito zaidi ndiyo salama zaidi. Hilo ni kosa. Oili nzito kupita kipimo huchelewa kuifikia turbo injini inapowashwa, na hupita kidogo, hivyo hubeba joto kidogo. Nyepesi kupita kipimo nayo huuacha utando upasuke mlimani.

Oili iliyoandikwa 15W-40 ina namba mbili. Ya kwanza, yenye herufi W, hueleza utiririkaji wake wakati wa baridi. Ya pili hueleza uzito wake injini ikiwa moto, kwa kipimo cha nyuzi 100. Asubuhi ya Gisenyi haina baridi ya kuishinda 15W, ambayo imekusudiwa kuiruhusu injini kuwaka hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo namba ya pili ndiyo ya kuangaliwa sana, na neno la mwisho ni la kitabu cha gari, wala si la muuza duka. Kikisema 5W-30, basi beringi zilichongwa kwa oili hiyo. Tena, baada ya kupanda mlima na mzigo, injini iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Ikizimwa ghafla oili husimama, na ile iliyobaki kwenye ekseli yenye moto huungua ikawa makaa, kama ilivyokuwa katika silinda za zama za McCoy.

Reli ndiyo iliyofundisha pia kuipima oili iliyotumika. Katika miaka ya 1940 Reli ya Denver and Rio Grande Western ya Marekani ilianza kuchunguza oili ya injini zake za dizeli kwa kuichoma na kusoma rangi za mwanga wake, ambazo hutaja kila madini yaliyomo. Katika miaka ya 1950 Jeshi la Majini la Marekani liliichukua njia hiyo kwa injini za ndege. Chuma kikizidi, silinda au pete za pistoni zinalika. Shaba ikizidi, beringi zinalia. Dizeli ikionekana ndani ya oili, uzito wake umepungua. Silikoni ni vumbi. Hapa Rubavu, chini ya Nyiragongo, mlima uliolipuka mwaka 2002 na tena 2021, vumbi la mawe ya volkano ni kali kama msasa, na silikoni nyingi humwambia fundi aende kwenye chujio la hewa kabla ya kugusa kitu kingine. Weusi wa oili ya dizeli peke yake si dalili ya ugonjwa; ni masizi tu.

McCoy hatimaye aliweka jina lake juu ya kampuni yake mwenyewe mjini Detroit mwaka 1920. Hakuifaidi sana. Mwaka 1922 yeye na mkewe, Mary, walipata ajali ya gari. Mary alifariki mwaka 1923 kutokana na majeraha hayo, na mzee hakuwa mzima tena. Alifariki tarehe 10 Oktoba 1929 katika hospitali ya Eloise, nje ya Detroit. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilifungua jijini Detroit ofisi ya kutoa hati za uvumbuzi, ya kwanza nje ya makao yake makuu, ikaipa jina la Elijah McCoy.