Bilal: mtumwa aliyeshikilia tauhidi

Kila tusikiapo adhana, tunamkumbuka Bilal bin Rabah, muadhini wa kwanza katika Uislamu. Mama yake alikuwa Mhabeshi, naye alikuwa mtumwa mjini Makka. Aliposilimu, bwana wake, Umayya bin Khalaf, alimlaza kwenye mchanga wa moto na kumwekea jiwe kubwa kifuani ili arudi kwenye masanamu. Bilal alizidi kutamka kwamba Mungu ni mmoja tu. Abubakar alimnunua akamwacha huru. Mwaka 630, Waislamu walipoingia Makka, Bilal aliadhini juu ya Kaaba. Hapo ndipo tunapoielewa tauhidi, yaani kumpwekesha Mungu: ikiwa wa kuabudiwa ni Mmoja, basi aliyemnunua mtu hakununua imani yake.