Smith na samaki aliyekuwa tayari na jina

Kabla ya mwaka 1952 karatasi moja yenye picha ya samaki wa ajabu ilisambazwa katika mwambao wa Afrika Mashariki. Aliyeiandaa aliahidi pauni 100 kwa mtu ambaye angempata samaki huyo. Iliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo, wala Kikomoro kilicho jirani na ndugu yake. Kwa sisi ambao kazi yetu ni kuchunguza lugha, jambo hilo halipiti hivi hivi.

Mwenye karatasi hiyo alikuwa James Leonard Brierley Smith, aliyezaliwa mwaka 1897 huko Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Hakusomea samaki. Alikuwa mwanakemia mwenye shahada ya uzamifu ya Cambridge, akifundisha katika mji wa Grahamstown, na samaki walikuwa mapenzi yake ya pembeni tangu utotoni. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alipigana huku kwetu Afrika Mashariki, akarudi kwao na maradhi ambayo hayakumwacha kabisa.

Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi ilivua karibu na mlango wa mto Chalumna samaki wa buluu, mwenye urefu wa kama mita moja na nusu na mapezi yanayofanana na miguu. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la East London, alimwona bandarini akamwandikia Smith barua yenye mchoro. Smith alipigwa na bumbuazi: huyo alikuwa silikanti, ambaye jamii yake wataalamu waliamini ilitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Alimpa jina la Latimeria chalumnae, akimuenzi mwanamke huyo na mto. Msiba ni kwamba sehemu za ndani za samaki zilikwisha kutupwa. Hivyo Smith akaishi miaka 14 akimtafuta wa pili.

Alipatikana Nzwani, Komoro, Desemba 1952. Mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua kwa mshipi usiku, na mwalimu Affane Mohamed ndiye aliyetambua kuwa ni yule wa kwenye karatasi. Nahodha Eric Hunt, ambaye Smith alikuwa amekutana naye Unguja mwaka huo huo, alipeleka simu ya maandishi. Smith alimwomba Waziri Mkuu D.F. Malan ndege ya kijeshi, akapewa. Kwa shukrani alimwita samaki huyo Malania anjouanae. Naam, silikanti wa kale akabebeshwa jina la kiongozi wa siasa za ubaguzi wa rangi, ilhali aliyemvuta kutoka kilindini hakutajwa. Baadaye wataalamu walithibitisha kwamba ni spishi ile ile ya mwaka 1938, na jina la Malan likaanguka lenyewe.

Wavuvi wa Komoro, kwa upande wao, walikuwa wakimwita gombesa tangu zamani. Kilichodhaniwa kimekufa kilikuwa na nomino katika lugha ya Kibantu, na nomino haidumu midomoni mwa watu bila kitu cha kuitwa.

Sisemi haya ili kumpunguzia Smith heshima yake. Mwaka 1946 aliiacha kemia akajitolea kwa samaki tu. Kitabu chake kikubwa kuhusu samaki wa kusini mwa Afrika, cha mwaka 1949, kilieleza zaidi ya spishi 1,000, na sehemu kubwa ya michoro ilisimamiwa na mkewe, Margaret. Alizipa majina spishi mpya kiasi cha 370, na pamoja na mkewe alisafiri hadi Msumbiji, Pemba, Unguja na Kenya. Mtafiti yeyote wa samaki wa Bahari ya Hindi ya magharibi hawezi kumkwepa.

Lakini alikusanyaje? Mara nyingi kwa baruti. Alilipua maji ya miambani, kisha wasaidizi wakaokota walioelea. Wakati huo wachache walishtuka. Leo mvuvi wa Tanga akifanya hivyo hufungwa, na ni haki, kwani matumbawe yaliyolipuliwa huchukua miaka mingi kupona. Ajabu ni kwamba maarifa tunayoyatumia kuwahifadhi samaki hao yalianza kwa kuwaua namna hiyo.

Smith alijitoa uhai Januari 1968. Margaret aliendeleza kazi kwa kuongoza taasisi iliyopewa jina la mumewe mjini humo humo Grahamstown, ambayo baadaye ikawa taasisi ya taifa.

Silikanti naye alibisha hodi kwetu: mwaka 2001 alinaswa mmoja karibu na Malindi, na baadaye nyavu za Tanga zikawanasa kadhaa, hata Tanzania ikatenga hifadhi yao ya bahari. Katika vitabu vya Kiswahili nimemkuta akiitwa silikanti. Gombesa sijamwona humo.